Hema la Kibedui juu ya uwanja wa mpira: la King Fahd, Riyadh, au la Al Bayt, Al Khor?

Ghuba ina viwanja viwili vikubwa vya mpira vilivyochukua sura yake kutoka kwenye hema la Mabedui. King Fahd wa Riyadh ulifunguliwa 1987: mahema meupe 24 yamepangwa kwa duara juu ya majukwaa, na milingoti, kamba na turubai za mahema hayo ndizo paa lenyewe. Al Bayt wa Al Khor, kaskazini mwa Doha, ulifunguliwa 30 Novemba 2021, siku ya kwanza ya Kombe la Kiarabu la FIFA. Huo ni jengo la zege na chuma kizito lililovalishwa hema. Kwa picha ya mbali vyote viwili ni mahema. Kwa anayelipa, anayejenga na atakayetunza kwa miaka 30, ni majengo mawili ya asili tofauti kabisa.

Ulinganisho huu ni kwa mtu anayeandika mahitaji ya uwanja: ofisa wa halmashauri, shirikisho la michezo, mwanafunzi wa usanifu majengo, au mhandisi aliyewekewa mezani picha ya Al Bayt na kuambiwa "tunataka kama huu". Kenya, Tanzania na Uganda zinajenga na kukarabati viwanja kwa ajili ya AFCON 2027, kwa hiyo swali hili limeshavuka bahari. Tuuweke msimamo wetu wazi mapema: uamuzi wa kwanza si rangi wala umbo. Ni kama hema litabeba au litavaliwa. Ukishaamua hilo, misingi, aina ya turubai, joto ndani ya uwanja, bei ya chuma na hata umbali wa shabiki kutoka golini vinajipanga vyenyewe nyuma yake.

Mabedui walijenga nini hasa

Bayt al-sha'r, hema la singa za mbuzi, limefikiriwa kwa makini kuliko linavyoonekana. Wanawake hufuma vipande virefu, kila kimoja upana wake haufiki mita moja, kwenye kitanda cha mfumi kilicholazwa chini mchangani. Vipande hushonwa ubavu kwa ubavu. Kisha, kwa kukatisha vipande hivyo, hushonwa mikanda imara, na kamba za hema hufungwa kwenye ncha za mikanda hiyo, wala si kwenye kitambaa. Nguvu inapita kwenye mkanda, nacho kitambaa kinatulia katikati bila kuchanika.

Kamba zenyewe ni ndefu na huenda mbali na hema kabla ya kufika kwenye kigingi. Urefu huo una sababu: kamba iliyolala karibu na ardhi huvuta kwa pembeni zaidi kuliko kwenda juu, kwa hiyo kigingi haking'oki kirahisi mchangani. Nguzo ni chache na fupi, na mgongo wa hema uko chini, upepo wa jangwani upite juu yake. Hakuna boriti wala kenchi. Kinachobeba ni mvutano.

Kitambaa ni cheusi au kahawia iliyokoza, na watu wengi hushangaa rangi hiyo kutumika jangwani. Lakini ufumaji wake ni mlegevu: wakati wa ukavu hewa ya moto hupenya na kutoka juu, na ubavu mmoja wa hema huachwa wazi upande usio na upepo mkali. Mvua ikinyesha singa huvimba, matundu huziba. Vipande vikichakaa hutolewa na kushonwa vipya. Hema zima halitupwi kamwe.

Kwa hiyo kuna mafunzo manne: nguvu ipite kwenye mkanda, kamba zishike ardhi kwa mbali, umbo liupishe upepo, na kila kipande kiweze kubadilishwa peke yake. King Fahd umechukua matatu ya kwanza. Al Bayt umechukua rangi na mapambo, lakini pia, bila kelele, umelichukua la nne vizuri kuliko mwenzake. Tutalirudia hilo.

King Fahd: hema linalobeba

Wasanifu walikuwa Ian Fraser, John Roberts and Partners wa Uingereza, na mahesabu ya paa yakafanywa na Horst Berger na wenzake wa Geiger Berger, New York. Kampuni hiyo ya wahandisi ilikuwa imeshashiriki katika mahema 210 ya Kituo cha Mahujaji kwenye uwanja wa ndege wa Jeddah, kila moja la mita 45 kwa 45, yaliyokamilika 1981. Mahujaji wengi wa Afrika Mashariki wamekaa chini ya mahema yale wakisubiri basi la Makka, na wanajua jinsi kivuli cha turubai jeupe kilivyo na mwanga wa kutosha kusoma bila taa.

Pale Riyadh milingoti mikuu 24, kila mmoja wa karibu mita 60, imesimama kwenye duara lenye kipenyo cha karibu mita 250. Juu ya ukingo wa ndani wa majukwaa kuna pete ya kamba za chuma inayozunguka uwazi wa takriban mita 130. Kila hema huivuta pete hiyo kwa nje. Kwa kuwa mahema yanavuta kutoka pande zote kwa nguvu sawa, pete inatulia hewani bila nguzo yoyote chini yake, na shabiki haoni kizuizi mbele ya macho. Kwa upande wa nje, kamba hushuka hadi kwenye nanga zilizozikwa ardhini. Turubai lililofunikwa hivyo linazidi mita za mraba 40,000.

Kila hema lina kamba za aina mbili zenye kazi zinazopingana. Kamba ya mgongo inapita juu na kubeba uzito unaoelekea chini. Kamba ya bonde inapita kati ya hema na hema na kulivuta turubai chini, upepo usije ukaliinua. Ukikosa moja, paa halipo. Turubai lenyewe lina mkunjo wa pande mbili zinazopingana, kama lilivyo tandiko la farasi, na huo ndio uhai wake: popote nguvu inapotoka, kuna upande mmoja wa nyuzi ulio tayari kuikabili.

Tufanye hesabu ndogo, maana hapa ndipo wengi hukosea. Turubai la aina hii lina uzito wa kilo 1 hadi 1.5 kwa mita ya mraba. Hata ukijumlisha kamba, paa linabaki jepesi mno. Upepo wa dhoruba ukipita juu ya paa hufyonza kwenda juu, na mfyonzo unaofika kilo 100 kwa mita ya mraba si jambo la ajabu. Yaani adui mkubwa wa paa hili si uzito wake, ni kuinuliwa. Misingi haifanyi kazi ya kuzuia jengo lisizame, inafanya kazi ya kuzuia lisipae. Udongo laini wenye maji karibu na uso wa ardhi, kama ule wa maeneo mengi ya pwani, unahitaji nguzo za zege zilizochimbwa chini kabisa ili zishike, na gharama hiyo ni lazima ijulikane kabla ya kuchora lolote. Uchunguzi wa udongo uliopima uwezo wa kubeba tu, bila kupima uwezo wa kushikilia kitu kinachovutwa juu, hautoshi kwa paa hili.

Yapo mambo matatu yanayokuja na uamuzi huu, na mwenye uwanja anapaswa kuyakubali kwa macho makavu.

La kwanza ni duara. Pete inapenda duara au umbo la yai, kwa sababu mvutano unagawanyika sawasawa. Uwanja wa mpira ni mstatili. King Fahd ulijengwa ukiwa na njia ya kukimbilia ya riadha, kwa hiyo duara liliingia vizuri, lakini shabiki aliyekaa nyuma ya goli alikuwa mbali na mpira. Ukitaka uwanja wa mpira peke yake, watu wakae karibu, duara la mahema litakutesa.

La pili ni ardhi ya nje. Kamba na nanga zinakaa nje ya majukwaa, pale pale ambapo watu maelfu wanapita kuingia na kutoka. Ni lazima nanga ziinuliwe kwenye vitako vya zege, zikingwe dhidi ya magari, na njia za dharura zipangwe kati yake.

La tatu ni kwamba paa hili halijengwi nusu. Milingoti husimamishwa na kushikiliwa kwa muda, pete hutandazwa chini na kuinuliwa kwa jeki kutoka pande zote kwa pamoja, turubai hutundikwa likiwa legevu, halafu mvutano huongezwa kidogo kidogo kwa mzunguko. Ukivuta upande mmoja kabla ya mwingine, milingoti inainama. Kati ya siku turubai linapotundikwa na siku linapokazwa kuna kipindi cha hatari, kwani turubai legevu hupepea, na kupepea hukata nyuzi kwenye kona. Mradi unaosimama katikati ya hatua hiyo kwa sababu malipo yamechelewa unapata hasara isiyorekebishika. Sehemu nyingine za uwanja zinaweza kusubiri bajeti ya mwaka ujao. Hii haiwezi.

Al Bayt: hema linalovaliwa

Al Bayt ulibuniwa na Dar Al-Handasah, ukajengwa na ubia wa Webuild (wakati ule ikiitwa Salini Impregilo), Galfar Al Misnad na Cimolai. Kwa Kombe la Dunia 2022 ulikuwa na viti karibu 69,000, na ndipo Qatar ilipofungwa 2-0 na Ecuador katika mechi ya ufunguzi, 20 Novemba. Pia ndipo Morocco, timu ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali, ilipocheza na Ufaransa, 14 Desemba.

Kwa nje ni kuta zilizoinama za turubai jeupe lenye mistari myeusi, mistari ya hema la Kibedui la eneo lile. Kwa ndani dari limepambwa kwa michoro myekundu ya sadu, ufumaji ambao UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa Saudia na Kuwait 2020. Ni kazi nzuri na ya heshima kwa wafumaji. Lakini nyuma ya turubai hilo kuna kenchi za chuma kikubwa zinazofanya kazi yote ya kubeba. Turubai linapokea upepo wa eneo lake dogo na kuukabidhi kwa chuma kilicho jirani.

Kwa njia hii unapata vitu ambavyo Riyadh haiwezi kukupa. Umbo linafuata mstatili wa uwanja, hakuna njia ya kukimbilia, shabiki yuko karibu. Unaweza kutundika taa, skrini kubwa, spika na madaraja ya mafundi kwenye dari, kwa kuwa kenchi zinabeba. Kwenye paa la kamba kila kilo unayotundika inabadilisha umbo la paa zima. Unaweza kuweka vyumba kati ya majukwaa na ngozi ya nje. Na unaweza kuweka paa la kufunga na kufungua: la Al Bayt hufunga kwa dakika 20 hivi, jambo linalotaka reli zilizonyooka na chuma kisichocheza.

Sasa lile funzo la nne. Turubai la Al Bayt limegawanywa kwenye sehemu zilizofungwa kwa fremu. Ikichanika moja, unafungua boliti, unatoa, unaweka mpya, na jengo halijui. Hivyo ndivyo mke wa Bedui alivyobadilisha kipande kilichochakaa. Kwenye paa linalobeba, kubadilisha turubai la hema moja ni operesheni: lazima mvutano wa majirani ushushwe kwa mpangilio uliohesabiwa. Inawezekana, lakini inamtaka mhandisi aliyesoma faili la mradi, na faili hilo lazima liwepo miaka 20 baadaye.

Gharama ya yote haya ni chuma. Chuma kizito kinataka kiwanda cha kukikata na kukichomelea, meli, bandari, barabara ya kukipitisha na kreni za kukiinua. Pia kinataka wachomeleaji wenye vyeti na mtu wa kupima kila kiungo. Nchi inayoagiza chuma chote kutoka nje itaona tofauti hiyo kwenye bei mara moja.

| Jambo | King Fahd (ulivyojengwa 1987) | Al Bayt (2021) |
|---|---|---|
| Kinachobeba paa | Milingoti, kamba na turubai pamoja | Kenchi za chuma |
| Umbo | Duara | Mstatili |
| Riadha | Ipo | Haipo |
| Katikati ya paa | Wazi daima | Hufungwa |
| Kupambana na joto | Kivuli na upepo | Mashine za kupoza hewa |
| Kutundika vifaa juu | Kidogo sana | Bila shida kubwa |
| Kubadilisha turubai | Operesheni ya kihandisi | Kipande kwa kipande |
| Kazi ya misingi | Kushikilia kisipae | Kubeba uzito |

Joto, na kosa la kunakili ngozi bila mashine

Al Bayt hupozwa. Hewa baridi hupulizwa kutoka kwenye matundu karibu na viti na pembeni mwa nyasi, hunyonywa tena ikishapata joto, huchujwa, hupozwa na kurudishwa. Mfumo huu uliendelezwa na Dkt. Saud Abdulaziz Abdul Ghani wa Chuo Kikuu cha Qatar. Msingi wake ni kwamba hewa baridi ni nzito: ikimwagwa ndani ya bakuli la majukwaa hubaki chini, ilimradi upepo wa nje usiingie kuifagia. Ndiyo maana kuta zilizofungwa zenye mteremko si pambo tu. Kazi yake ni kuurusha upepo upite juu ya uwazi wa paa bila kuzama ndani. Kwa maneno mengine, ngozi ya Al Bayt na mashine za Al Bayt ni kitu kimoja.

King Fahd hauna hilo. Kingo zake ziko wazi, upepo unapita chini ya mahema, na turubai jeupe hurudisha sehemu kubwa ya joto la jua angani na kupitisha mwanga kidogo, asilimia 8 hadi 15 kwa turubai la kawaida la aina hii. Shabiki yuko kivulini, hewa inatembea, basi. Kwa Riyadh iliyo kavu, mechi zikichezwa jioni, hilo linavumilika sehemu kubwa ya mwaka.

Ukichukua ngozi iliyofungwa ya Al Bayt ukaiweka Dar es Salaam au Mombasa, halafu bajeti ya mashine ikakatwa, umejenga kitu kibaya kuliko kutokuwa na paa. Pwani yetu ina unyevu mwingi, na kitu pekee kinachompa mtu nafuu ni upepo wa baharini. Ngozi ile kazi yake ni kuuzuia upepo huo. Mashabiki watakaa kwenye hewa iliyosimama, yenye joto na jasho. Nairobi, iliyo juu ya mita 1,600, haihitaji mashine za kupoza kabisa, kwa hiyo ngozi inabaki kuwa gharama isiyo na kazi. Kwa miji ya Afrika Mashariki hatuoni sababu ya kiufundi ya kuchagua ngozi iliyofungwa.

Nyasi nazo zina haki yake. Uwazi wa duara la Riyadh unaingiza jua na upepo wa kutosha uwanjani. Uwanja uliozungukwa na kuta ndefu hukosa vyote viwili upande mmoja, na mtunza nyasi atahitaji feni kubwa na taa za kuoteshea zinazosukumwa kwa magurudumu. Ziandikwe kwenye bajeti ya umeme tangu mwanzo.

Mvua, upepo na chumvi

Doha hupata karibu milimita 75 za mvua kwa mwaka, Riyadh karibu 100. Dar es Salaam hupata zaidi ya 1,000, na sehemu kubwa yake hushuka kwa kishindo wakati wa masika. Hakuna hata kimoja kati ya viwanja hivi viwili kilichobuniwa kwa mvua kama hiyo, na mteremko wao haufai kunakiliwa.

Hatari yenyewe ni maji kutuama. Milimita moja ya maji ni kilo moja kwa mita ya mraba. Turubai lililolegea likashika dimbwi la sentimita 10 limebeba kilo 100 kwa mita ya mraba, juu ya kitu chenye uzito wa kilo moja na nusu. Dimbwi hulivuta chini, shimo huongezeka, maji zaidi hukusanyika, na mzunguko huo hausimami mpaka maji yapate njia au turubai lipasuke. Kinga ni mteremko mkali, mkunjo halisi wa pande mbili kila mahali, na mvutano usioshuka. Eneo bapa ni eneo bovu. Mkandarasi akikuonyesha mchoro wenye sehemu bapa kubwa, mwulize maji ya mvua kubwa ya saa moja yatakwenda wapi, na udai akujibu kwa mchoro, si kwa mdomo.

Kwenye umbo la mahema, maji yote hukimbilia kwenye bonde kati ya hema na hema, kisha hadi ukingoni. Kamba ya bonde ikielekea ndani ya uwanja, utapata maporomoko 24 juu ya mashabiki wa mbele. Ielekee nje, kwenye mifereji mikubwa.

Chumvi ya bahari hula kamba za chuma kwa ndani, kati ya nyuzi, mahali jicho halifiki. Dai kamba za nyuzi zilizofumbana zenye zinki iliyochanganywa na alumini, na ncha zilizozibwa zisiingize maji. Mahali pa kuangalia kutu kwanza ni pale kamba inapoingia kwenye kikombe cha chuma cha nanga, hasa upande wa chini, ambako maji yanateremka na kukaa.

Turubai lenyewe

Riyadh na Jeddah walitumia kitambaa cha nyuzi za kioo kilichopakwa PTFE, kile watu wanachokiita tefloni. Mshindani wake ni kitambaa cha poliyesta kilichopakwa PVC. Uchaguzi huu unahusu njia zote mbili, hema linalobeba na linalovaliwa.

PTFE hudumu miaka 25 hadi 30 au zaidi, haishiki moto, vumbi halinati sana na mvua huliosha. Ni ghali, na ina udhaifu mmoja mkubwa: nyuzi za kioo hazipendi kukunjwa. Mkunjo mkali wakati wa kufungua kreti, au fundi aliyekanyaga turubai lililokunjwa, huvunja nyuzi, na ufa huo huonekana miezi baadaye likiwa tayari juu. Kwa sababu hiyo halifai kwa sehemu ya paa inayojikunja na kujikunjua. Viungo vyake huunganishwa kiwandani kwa joto linalozidi nyuzi 350 za Selsiasi, kwa hiyo kazi ya kushona haifanywi kwenye eneo la ujenzi. Jambo jingine la kujua: hufika likiwa na rangi ya kahawia hafifu, kisha hung'aa na kuwa jeupe likiwa juani kwa wiki au miezi. Wateja wamewahi kudhani wameuziwa mali mbovu kwa kutolijua hilo.

PVC ni nafuu zaidi, hukunjwa bila shida, huunganishwa kwa hewa ya moto, na fundi wa turubai wa mjini anaweza kufundishwa kulitengeneza. Lakini hudumu miaka 15 hadi 20, na kwenye jua la ikweta tusitegemee zaidi ya hapo. Kilainishi kilichomo hutoka polepole, uso hunata, vumbi na ukungu mweusi hukaa, na katika hali ya hewa ya pwani ukungu huo ni kazi ya kila mwaka. Kwa paa dogo la majukwaa ya uwanja wa wilaya, tunalichagua bila kusita. Kwa paa linalobeba la uwanja wa taifa, hapana.

Kukata ndiko kunakoonyesha fundi wa kweli. Turubai hukatwa dogo kidogo kuliko umbo la mwisho, kwa kuwa litanyooka likivutwa, na nyuzi za mtande (za urefu) hunyooka tofauti na za mshindio (za upana). Kiasi cha kupunguza hupatikana kwa kulivuta turubai la shehena ileile pande zote mbili kwenye mashine, si kwa kusoma kitabu cha muuzaji. Shehena mbili za kiwanda kimoja zinaweza kutofautiana. Mikunjo unayoiona kwenye kona za paa jipya, mara nyingi chanzo chake ni kipimo hicho kilichorukwa. Mvutano wa kawaida wa kazi ni sawa na kilo 200 hadi 400 kwa kila mita ya upana, na turubai hulegea kidogo katika miezi ya mwanzo. Mkataba useme nani atarudi kulikaza na kwa fedha za nani.

Saa za kazi juu ya paa

Turubai haliwekwi upepo ukivuma kwa nguvu, na hapo ratiba hukatika kwanza. Qatar imezuia tangu 2021 kazi za nje kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9 na nusu mchana kati ya 1 Juni na 15 Septemba, na kazi husimamishwa kipimo cha joto na unyevu kikipita nyuzi 32.1. Ni haki ya mfanyakazi, na vijana wengi kutoka Kenya na Uganda wamefanya kazi katika joto lile. Popote unapojenga, weka sheria kama hiyo kwenye mkataba na uipe ratiba nafasi yake. Fundi aliyezidiwa na joto akiwa mita 50 juu ni hatari kwake na kwa aliye chini.

Baada ya mashindano

Al Bayt ulipangwa upunguzwe: viti vya ngazi ya juu viondolewe ubaki na takriban 32,000, viti vilivyotolewa vipelekwe nchi nyingine, na nafasi ya juu iwe hoteli na maduka. Mfumo wa kenchi na zege unaruhusu wazo hilo, kwa sababu paa halitegemei ngazi ya juu ya viti. Hata hivyo uwanja uliendelea kutumika kwa mechi kubwa, zikiwemo za Kombe la Asia lililochezwa Januari na Februari 2024. Uko mbali na treni: kituo cha mwisho cha metro ni Lusail, na kutoka hapo ni basi au gari. Kuzunguka uwanja kuna bustani ya miti na maziwa ambayo wakazi wa Al Khor huitumia siku zote, na hilo ni jambo jema la kunakili hata ukiacha paa.

King Fahd, baada ya kupokea fainali ya Kombe la Dunia la vijana ya 1989 kati ya Ureno na Nigeria na makombe ya mabara ya 1992, 1995 na 1997, umeingia kwenye ukarabati mkubwa kwa ajili ya Kombe la Asia 2027. Kubadilisha uwanja wa aina hii ni kugumu: huwezi kusogeza safu ya majukwaa bila kugusa pete, na pete ikiguswa kila hema limeguswa.

Tungechagua nini

Ukiwa na mji wenye joto la kutisha, fedha za mashine na umeme wa kuziendesha, ratiba ya mechi nyingi kwa mwaka, na unataka mpira peke yake: njia ya Al Bayt. Pungukiwa na moja ya hayo, achana nayo.

Ukitaka riadha na mpira pamoja, ardhi pana, udongo unaoshika nanga, na kivuli bila umeme: njia ya Riyadh, kwa mteremko mkali zaidi ikiwa ni sehemu ya mvua. Kama udongo haushiki au ardhi ya nje ni finyu, kuna mtoto wa njia hiyo anayefaa: paa la gurudumu la baiskeli, ambako pete ya chuma ya nje inayosukumwa na pete ya kamba ya ndani inayovutwa husawazishana zenyewe, na nguzo zikabeba uzito tu bila nanga za nje. Turubai likitandazwa kwa vilele vidogo kati ya kamba, sura ya hema ipo, na umbo la yai linauvumilia mstatili wa uwanja wa mpira vizuri kuliko duara kamili. Kwa uwanja wa watu 30,000 hadi 60,000 Afrika Mashariki, hilo ndilo pendekezo letu.

Kwenye hati za zabuni, yoyote utakayochagua, weka haya kwa maandishi: jaribio la upepo kwenye mfano mdogo wa uwanja pamoja na majengo jirani, kipimo cha udongo cha kuvuta juu, jaribio la kuvuta turubai la shehena itakayotumika, fedha za kuinua na kukaza paa ziwekwe akiba kabla ya mlingoti wa kwanza kusimama, kukaza upya baada ya mwaka mmoja, ukaguzi wa kamba na vibano kila mwaka na baada ya kila dhoruba, viatu laini na kamba za usalama kwa wanaopanda kuosha. Na mkandarasi akabidhi, pamoja na michoro ya kukata kila kipande, roli la akiba la turubai la shehena ileile, lihifadhiwe limeviringwa, si kukunjwa, mahali pakavu pasipo na panya.